Neno Alilobaki Nalo Mwalimu Walter Oduor Obonyo

14 Machi 1948 – 11 Machi 2025

Mwalimu Walter Oduor Obonyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Kobonyo, Seme, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka soko la Kombewa. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obonyo Ragot na marehemu Mama Perpetua Awuor. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, ndiyo maana hati nyingine zinamtaja kuwa kifungua mimba. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Jacinta, kwa ombi la familia. Yale ambayo familia inayajua kwa hakika yameandikwa pamoja na tarehe zake. Yale ambayo haijayaelewa yameandikwa pia, kwa sababu Mwalimu hakupenda mwanafunzi aruke swali.

Babake alikuwa karani wa mizigo kwenye gati la Kisumu, na alikuja nyumbani siku ishirini na moja kwa mwaka. Siku hizo ziliitwa livu. Majirani walisimama kando ya ua na kutangaza, "Mzee amekuja livu." Walter, akiwa na miaka sita hivi, aliamini kwamba livu ni kitu kinachobebwa mkobani pamoja na sukari na mikate. Mwaka mmoja aliupekua mkoba mpaka chini, kisha akauliza, "Baba, livu yangu iko wapi?"

Mzee Obonyo akamjibu, "Livu ni mimi."

Kwa hiyo neno la kwanza la Kiingereza alilolijua Mwalimu maishani lilikuwa leave, na maana yake, kwake yeye, ilikuwa kwamba mtu aliyekuwa hayupo amerudi.

Alianza shule ya msingi Januari 1956, akaimaliza mwaka 1963. Kati ya mwaka 1964 na 1967 alisoma shule ya upili ya bweni. Huko, katika kidato cha kwanza, waliambiwa waandike insha kuhusu likizo, naye akaandika kwa Kiingereza chake cha wakati huo kwamba babake alikuwa amekuja leave. Mwalimu wao, mzungu mmoja mpole mwenye kikohozi, alipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba leave ni kuondoka, mtu hawezi kuja leave. Walter alikwenda ofisini kwake na daftari. Alisema, kwa heshima, kwamba huenda kwao Uingereza leave inaondoka, lakini Seme inakuja. Mwalimu yule alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akampa ufunguo wa kabati la vitabu na kumwonyesha kamusi kubwa ambayo wanafunzi hawakuruhusiwa kuigusa.

Alikaa na kamusi ile Jumamosi nzima. Aligundua kwamba maneno mawili ya kale, yasiyokuwa na ukoo mmoja, yalikuwa yamesagika katika vinywa vya watu hadi yakawa neno moja. La kwanza lilikuwa ruhusa, na lilikuwa ndugu wa maneno ya kale ya upendo: kumpa mtu leave kulimaanisha kwamba umependezwa aende. La pili halikuwa kuondoka hata kidogo. Lilikuwa kubakiza, kuacha kitu kikae, na ndugu zake ni yale maneno ya Kiingereza ya uhai na kuishi. Kuondoka kulikuja baadaye. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi wake hivi: "Anayeondoka hubakiza kitu nyuma. Watu wakachoka kutazama kilichobaki, wakaanza kumtazama anayekwenda."

Isionekane kwamba alikuwa mtoto wa vitabu tu. Shuleni kwao kutoroka bwenini kuliitwa "livu ya ua," kwa sababu njia ilikuwa tundu kwenye ua wa miti. Mwaka 1966 alishikwa akirudi kutoka kwenye mechi ya mpira, akafyeka nyasi wiki mbili. Alijivunia adhabu hiyo hadi uzeeni, hasa kwa sababu timu yao ilishinda.

Alisomea ualimu wa daraja la P1 mwaka 1968 na 1969, akaanza kazi Januari 1970. Alifundisha shule tatu za msingi hapa Seme kwa miaka tisa, akarudi chuoni kwa diploma mwaka 1979 hadi 1981, na kuanzia Januari 1982 akafundisha Kiingereza katika shule ya upili mjini Kisumu mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2003. Kwa muda wote huo familia iliishi nyumba ya kupanga mtaa wa Migosi. Nyumba ya hapa Kobonyo, hii iliyo nyuma yenu, aliijenga mwaka 1989.

Kila mwaka, muhula wa pili, Kidato cha Pili walipata somo lililojulikana shule nzima kama "Livu." Neno moja, vipindi viwili. Aliliandika katikati ya ubao, halafu akawaachia wanafunzi walizungushie kila walichowahi kusikia likifanya. Ubao ulijaa: likizo ya wafanyakazi, likizo ya uzazi, cheti cha kumaliza shule, kuaga, kuacha mke, kuachia mtu urithi, kumwacha mtu apumue. Mwaka mmoja mvulana wa nyuma alilitaja lile jani ambalo vijana wanalivuta kwa siri, ambalo wao waliliita kwa neno la Kiingereza linalokaribiana na hili kwa sauti, leaf. Darasa lilisubiri aadhibiwe. Mwalimu alipanda kiti akaliandika pembeni, kisha akasema, "Kila neno lina watoto watundu. Huwezi kuwafuta kwenye ukoo. Lakini wewe, Bwana, utaniona ofisini."

Shida kubwa ya somo hilo ilikuwa midomo yetu. Wengi wa huku tunatamka leave na live kwa sauti moja. Mwanafunzi akisema anataka kuishi na mjombake, unasikia anataka kuondoka naye. Mwalimu alihifadhi barua ya msichana aliyemaliza mwaka 1991, aliyetaka kusema kwamba Mwalimu ataishi moyoni mwake daima, na akaandika kwamba ataondoka moyoni mwake daima. Aliisoma kwenye sherehe ya kustaafu. Alisema hakuwahi kuisahihisha, kwa kuwa kamusi ilikuwa upande wa yule msichana: maneno yale mawili ni binamu.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na Mama Lornah Apiyo, binti wa Dunga. Walijuana kwenye ufuo wa Dunga mwaka uliotangulia, wakati Mwalimu alipopokea wageni wa shule na kutaka kununua samaki wa ngege wote waliokuwa kwenye karai la msichana mmoja mrefu. Msichana alifunika karai kwa mkono.

"Bakisha, mwalimu. Kuna watu wengine pia wana mdomo."

"Kwani huuzi?"

"Nauza. Lakini yule mama wa pale huja saa kumi, na akija akose, atalala na watoto njaa. Wewe chukua sita."

Alichukua sita. Alirudi siku iliyofuata bila wageni, na siku iliyofuata tena, mpaka babake msichana akauliza kama huyu mwalimu anafuga paka. Walijaliwa watoto watatu: Fabian mwaka 1975, Jacinta mwaka 1980 na Debra mwaka 1984.

Nyumbani Migosi alitaka wakati wa kula watu waongee Kiingereza. Mama Lornah alitii kwa njia yake, akanyamaza. Mwalimu mwenyewe alipakua samaki, na alikula taratibu, mara nyingi akiwasahihisha watu wakati mate yanawatoka. Familia ilimcheka kwa hilo, naye alijua.

Sasa tumefika mahali pagumu, na ingekuwa rahisi kupapita. Watu wa kijiji wanapajua, basi paandikwe vizuri.

Jacinta aliolewa Busia mwaka 2004, kwa Bwana Wandera, na mahari ililetwa hapa, kwenye boma hili. Julai 2011 aliiacha ndoa hiyo na kurudi na sanduku moja. Hakumweleza babake sababu, na mpaka leo hajaisema hadharani, wala haimhusu Bwana Wandera peke yake. Kwetu binti aliyeolewa hana nyumba katika boma la babake. Mwalimu alitoka, akasimama mlangoni, akalitazama sanduku kabla ya kumtazama mtu. Akasema neno moja, kwa Kiingereza, bila kupaza sauti.

"Leave."

Jacinta aliondoka mchana uleule. Alipata kazi ya ukufunzi katika chuo kimoja mjini Kisumu, akapanga chumba, na kwa miaka kumi na miwili na nusu alirudi Kobonyo mara mbili tu, zote kwa ajili ya mazishi, akaketi na wageni. Yeye na babake hawakuzungumza. Mama Lornah alimtembelea mjini kila mwisho wa mwezi. Alipoulizwa Baba anasemaje, alijibu, "Hajasema kitu. Unamjua."

Kuna jambo moja dogo la kipindi hicho. Mwaka 2019 Debra alimwingiza Jacinta kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp bila kumwuliza mtu. Ndugu na binamu walisubiri waone Mwalimu akijitoa. Binamu mmoja akaandika kwamba kukiwa na vita yeye "ata-left," yaani atajitoa. Baada ya saa mbili Mwalimu aliandika: "Ndugu zangu, left ni wakati uliopita. Huwezi kusema uta-left. Hilo si Kiingereza wala si Kiswahili." Basi. Hakujitoa. Jacinta aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyopaswa, na hakupata ndani yake kitu chochote isipokuwa sarufi.

Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa moja asubuhi, Mwalimu alipatwa na kiharusi akiwa ananyoa ndevu. Alipelekwa hospitali ya Kombewa, kisha akahamishiwa Kisumu, ambako alilazwa siku kumi na tisa. Upande wa kulia ulikufa ganzi. Maneno yote yakaenda: Dholuo, Kiswahili, Kiingereza, hata jina la mkewe. Daktari alieleza kwamba huwa hivyo, na kwamba wagonjwa wengine hubaki na neno moja au mawili ambayo huyasema kwa kila jambo. Siku ya tano Mwalimu alifungua macho, akamtazama Fabian, akasema waziwazi, "Leave."

Fabian alitoka chumbani. Alidhani amefukuzwa.

Mama Lornah ana magoti mabovu, Fabian anafanya kazi Nakuru na Debra ana watoto wadogo. Jacinta ndiye aliyebaki. Chuoni alijaza fomu ya likizo bila malipo, ambayo kwa Kiingereza jina lake lina neno hilohilo. Tarehe 26 Februari alikuja Kobonyo, akiwa amejiandaa kukaa wiki mbili. Aliingia ndani akiwa na sanduku. Mwalimu alikuwa kitandani. Alilitazama sanduku kabla ya kumtazama mtu.

"Leave," akasema.

Jacinta alikaa miezi kumi na miwili na nusu. Alimwogesha, alimgeuza, alimlisha. Kila siku aliambiwa neno alilofukuzwa nalo, mara thelathini, mara arobaini, kwa sauti ya kuomba, ya hasira, ya mzaha, ya usingizi. Alilotaka kujua lilikuwa moja: je, babake alikuwa bado anamfukuza? Hakukuwa na namna ya kumwuliza ambayo isingejibiwa kwa neno hilo.

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake, na zote zilijaribiwa. Mama Lornah, ambaye masikio yake si mazuri, alisikia leaf, akawa na hakika kwamba mzee anataja majani ya chai.

"Anataka chai. Jacinta, weka majani."

"Mama, amekunywa chai sasa hivi."

"Si amesema majani? Mimi nimeishi na huyu mtu miaka hamsini. Weka majani."

Mwalimu alinyweshwa chai nyingi sana mwaka huo. Hakuikataa.

Fabian, kwenye simu, alikumbuka kwamba babake alipostaafu alikuwa na siku kumi na nane za likizo ambazo hakuwahi kuzichukua. "Labda ndizo anazidai," alisema. "Mzee hasahau kitu." Alisema kama mzaha, lakini wiki iliyofuata aliuliza kama kuna barua yoyote kwenye sanduku la hati za Baba. Mchungaji aliyekuja Jumapili alisema Mwalimu anamwomba Mungu ruhusa ya kwenda, na tusimzuie kwa maombi ya uponyaji. Bi. Becky Nabwire, mtaalamu wa viungo aliyekuja kila Alhamisi kutoka Kombewa kumnyoosha mkono, alimsikiliza kwa muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa.

"Mimi nasikia live," alisema. "Huyu anataka kuishi. Mwalimu, ni kuishi ama ni kuenda?"

"Leave," Mwalimu akasema, akitabasamu upande mmoja.

"Umeona? Amekubali."

"Amekubali gani?" Jacinta aliuliza.

Bi. Becky alifikiri. "Hiyo sasa sijui."

Dolphine, binti wa Fabian anayesoma chuo kikuu, alikaa naye likizo ya Agosti. Alilia siku ya kwanza, halafu akazoea. Siku moja alitoka chumbani kwa babu yake akamwambia nyanya yake, "Dani, kwara anataka ku-left."

"A-left aende wapi na mguu ni mmoja?" Mama Lornah akamjibu. Wakacheka wote wawili, na kutoka ndani tukasikia Mwalimu naye anacheka, au anakohoa. Labda alikuwa anataka kusahihisha.

Kuna tafsiri nyingine, ya Shangazi Amolo, dada wa Mwalimu. Alisema kiharusi hakichagui lugha. Huenda mzee anafikiri kwa Dholuo na neno linatoka limevaa suti ya Kiingereza. Na kwa Dholuo, kuacha na kusamehe ni kitenzi kimoja. Ndicho tunachokisema katika Baba Yetu. "Anaweza kuwa anasamehe," alisema Shangazi. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kweli, akaongeza, "Ama anaomba asamehewe. Ama anataka tu tumwache alale."

Jacinta alijaribu kuamini tafsiri ya Shangazi. Kuna siku aliweza. Lakini Oktoba alimwekea babake redio karibu, naye akamsukuma mkono na kusema neno lile kwa sauti ileile ya mlangoni, na miaka yote ikarudi.

Jumatatu tarehe 10 Machi 2025 Mwalimu hakuwa na nguvu. Saa kumi na moja jioni Jacinta alimletea uji wa wimbi katika kikombe cha bati chenye mstari wa buluu, ambacho alikipenda. Alikunywa nusu. Halafu alifunga mdomo. Jacinta alikisogeza tena kikombe, naye akainua mkono wa kushoto, uliobaki na nguvu, akakisukuma polepole mpaka kikagusa kifua cha binti yake. Akamtazama. Akasema, "Leave."

Jacinta hakuwa amelala vizuri kwa siku tatu. Alisema, "Nimesikia, Baba. Nitaondoka. Mama akipata mtu wa kumsaidia, nitaondoka."

Mwalimu alisema tena, kwa haraka kidogo, "Leave. Leave," akisukuma kikombe.

Jacinta alitoka nacho nje.

Mwalimu Walter Oduor Obonyo alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini, usingizini, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sabini na saba. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Familia inawashukuru wauguzi wa Kombewa na Kisumu, Bi. Becky Nabwire, kanisa, majirani waliokuja na kuni na maji, na walimu wote waliofundisha naye.

Wasifu huu ungeishia hapo. Lakini siku ya nne ya matanga alikuja Bwana Wechuli, ambaye yuko hapa nasi leo, fundi wa umeme mjini Kisumu, mwanafunzi wa Kidato cha Pili mwaka 1994. Alikuja na daftari la Kiingereza la mwaka huo, limefungwa kwa mfuko wa plastiki. Alisema amehamisha nyumba mara tano na daftari hilo halijawahi kupotea, ingawa vyeti vyake viwili vimepotea. Alifungua ukurasa wa somo la "Livu" akaliweka mezani mbele ya Mama Lornah.

Ni mwandiko wa kijana, lakini sentensi ni za Mwalimu. Ndizo alizoziandika ubaoni kama mifano. Ziko kumi na mbili. Ya saba, inayoanza na neno lile, inasema kwa Kiingereza: Bakizeni kidogo kwa ajili ya Jacinta; atachelewa.

"Hiyo sentensi alikuwa anaandika kila mwaka," Bwana Wechuli alisema. "Hata walionitangulia wanaijua. Sisi tulikuwa tunajiuliza, huyu Jacinta ni nani? Darasa lote tuliamua ni bibi wa pili."

Watu walicheka. Mama Lornah hakucheka. Alisema, "Si ndiyo ile ya mezani?"

"Ya mezani gani, Mama?" Jacinta aliuliza.

"Wewe si ulikuwa unaimba kwaya? Ulikuwa unafika nyumbani giza limeingia, samaki wameisha. Babako alikuwa anaweka mkono juu ya sahani, Fabian akinuna, anasema hiyo maneno yake. Mimi Kiingereza sijui, lakini hiyo niliijua. Leave. Halafu jina lako. Kila siku, mpaka ulipomaliza shule. Nilifikiri unajua."

Jacinta hakujua. Aliyekuwa anabakiziwa hakuwepo mezani kusikia. Alichokikuta ni chakula kilichofunikwa, na alidhani kila nyumba hufunika chakula.

Hatusemi kwamba hii ndiyo maana. Mwalimu alitufundisha kwamba neno halina budi kuulizwa liko wapi na liko na nani, na kwamba anayekimbilia jibu la kwanza huwa amekosa jibu la pili. Inawezekana mkono ule ulikuwa unakataa uji kwa sababu ulikuwa baridi. Inawezekana ulikuwa mlango wa mwaka 2011. Inawezekana hakuwa anasema kitu, na kiharusi kilikuwa kinasema. Daktari amesema hakuna atakayejua, na amesema kwa upole.

Lakini kikombe kilikuwa nusu. Uji ule niliumwaga nje, kwenye shina la mgomba.

Mwalimu ameacha mjane, Mama Lornah Apiyo. Watoto Fabian, Jacinta na Debra. Wajukuu watano, miongoni mwao Dolphine. Dada yake, Shangazi Amolo. Na wanafunzi ambao idadi yao hatukuweza kuipata. Katika sentensi hii kitenzi ni kuacha, na kama angekuwa hai angesimamisha msomaji na kuuliza: ameacha kwa maana ya kwenda, au ameacha kwa maana ya kubakiza?

Baada ya mazishi kutakuwa na chakula upande wa jikoni. Kuna ngege kutoka Dunga, walioletwa na jamaa za Mama. Wakwe zetu wa Busia wamepiga simu kwamba gari liliharibika na bado wako njiani. Familia inaomba kila atakayepakua abakize kidogo. Kuna watu watachelewa.

Mwalimu Walter Oduor Obonyo aende kwa ruhusa yetu na apumzike, na sisi tuliobaki tubaki kwa amani.